Chupa Tatu za Bomba la Chini

Jumamosi iliyopita tulimzika Bi Modesta kwao Misungwi, na bwana mmoja mwenye suti na kipaza sauti akasimama kutusomea wasifu wa marehemu. Akasoma kwamba marehemu alikuwa mpole. Nikavumilia, msiba ni msiba. Akasoma kwamba alikuwa mcheshi kwa wateja. Nikamtazama mzee mwenzangu wa bandarini aliyekaa kushoto kwangu, naye akaanza kukagua kamba za viatu vyake. Kisha yule bwana akapandisha sauti, akasoma kwamba katika utumishi wake wote wa forodha, tangu ukarani mpaka kustaafu, marehemu hakuwahi kukosea hata siku moja. Hapo nikaona sasa hawa wanatuzikia mtu mwingine. Mimi na Bi Modesta tumepigana kwa makaratasi karibu umri wangu wote wa utu uzima. Amenirudishia nyaraka kwa sababu ya nukta. Amenirudishia nyaraka kwa sababu muhuri umelala upande. Siku moja alinigeuza mlangoni, mvua inanyesha, kwa sababu kalamu niliyojazia ilikuwa ya kijani. Mpole! Mama yule alikuwa na upole wa msumeno. Lakini hilo la kukosea ndilo lililonichoma hasa, kwa sababu alikosea, mara moja, nami nilikuwepo, na alivyolibeba kosa lile ndilo jambo zuri kuliko yote niliyomwona akifanya. Sasa kamati ya mazishi imelifuta kama mtu anayefuta makombo mezani.

Kwenye foleni ya wali mtoto wake mkubwa, Deo, akaja kunipa mkono. "Shikamoo, mzee Masanja." Nikamwitikia, nikampa pole, halafu nikashindwa kujizuia. "Nani aliandika ule wasifu?" Akasema ni kamati. "Kamati ilimjua mama yako?" Akatabasamu kidogo, macho yake mekundu. "Mzee, kamati inaandika hivyohivyo kwa kila mtu. Wanabadilisha jina." Nikamwambia mama yake alikosea mara moja, na bila kosa lile na kilichofuata, mimi leo nisingekuwa na ofisi Nyamagana wala gari nililokuja nalo pale msibani. Deo akaniangalia kama mtu aliyeambiwa ana ndugu asiyemjua. "Sisi hatukuwahi kuambiwa habari hiyo. Andika, mzee." Basi naandika kwa mkono, Neema, karani wangu, atachapa. Habari za baba yangu na ng'ombe zake nitaziacha. Kila mzee wa Kisukuma akianza kuandika anaanza na ng'ombe, nami nimechoka nazo.

Mwaka wa kosa lile nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi yangu ya kwanza ya kukaa kwenye kiti. Kabla ya hapo nilikuwa naosha mapipa ufukweni, kazi ya kunuka, lakini ndiyo iliyonifundisha mafuta. Wafanyabiashara wa visiwani walikuwa wanakuja kununua dizeli ya mashine za mitumbwi yao, na walanguzi wa siku zile walikuwa wanawatilia maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakwenda kulala chini ya pipa. Juu ukichungulia unaona dizeli safi, unalipa, unafika katikati ya ziwa injini inakohoa na kufa. Kwa hiyo sisi watu wa ufukweni tulikuwa na kanuni moja: mafuta usiyaamini mpaka uone chini yake. Mimi nilikuwa bingwa wa kuona chini. Nilikuwa nazamisha mpira, nafyonza, natema, nasema, "Maji vidole vinne." Mzee Malimi aliniona siku nilipomuumbua mlanguzi mmoja mbele ya watu, akanipenda. Alikuwa wakala wa forodha, yaani mtu anayesimama kati ya mwenye mzigo na serikali, anabeba makaratasi ya mzigo na kuapa kwa leseni yake kwamba yanasema kweli. Akaniuliza, "Kijana, umesoma mpaka wapi?" Nikasema kidato cha nne. Akaniuliza cheti kiko wapi. Nikasema kiliungua pamoja na nyumba yetu. Mzee Malimi alikuwa na moyo laini. Akanipa kazi, na juu yake akanipa bati kumi za kujengea upya. Hakuna nyumba iliyoungua. Na nilikuwa nimeishia darasa la nne, nikijua kusoma Kiswahili kwa kufuatisha kidole.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la misumari. Meza mbili, kabati la chuma lisilofungika, taipureta, na Hamisi, mpiga chapa, mtoto wa mjini ambaye babu zake walikuja Mwanza na biashara na hawakuondoka. Hamisi alikuwa anapiga chapa kwa vidole kumi huku anaimba kaswida, na akimaliza karatasi anaipuliza kama uji wa moto. Saa nne Mama Tabu alikuwa anatuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye sahani ya bati, na chai ya rangi kwenye chupa yenye kizibo cha gazeti. Kila karatasi ya ofisi ile ilikuwa na nakala tatu. Hiyo mtu aielewe vizuri, maana ndiyo iliyoniponza. Barua, nakala tatu. Orodha ya mzigo, nakala tatu: moja yetu, moja ya forodha, moja ya mwenye mali. Nilikuwa nabeba karatasi tatutatu mchana kutwa mpaka nikawa nahesabu hata michembe kwa tatu.

Na palikuwa na kitabu. Neema siku hizi anabofya kompyuta, inamletea namba, anasema "tayari, babu," hata chai haijapoa. Sisi tulikuwa na kitabu kinene kama tofali. Kila kitu kinachovuka mpaka wa nchi kina namba yake mle. Punda ana namba. Nywele za bandia zina namba. Namba ndiyo inayosema kitu ni nini na kinatozwa nini. Ukimwambia mtu wa forodha "nina dizeli," umesema neno la kituo cha mafuta, haitoshi, kitabu bado kina maswali. Ni yale mepesi ya rangi ya njano, ya injini zinazokimbia, malori na magari? Au ni yale mazito meusi, ya injini za polepole, za meli na za mashine zilizofungwa sakafuni? Kila moja ina mstari wake na ushuru wake. Na hawakubali useme tu. Wanayapeleka maabara yakapikwe, waone kwenye joto gani kiasi gani kimegeuka mvuke. Hamisi aliponieleza hivyo nilicheka. "Kumbe wanakeneka, kama gongo!" Hamisi akasema, "Kama gongo, ila gongo mlevi anatambua kwa ulimi mmoja. Hawa wanahitaji cheti." Mimi nilidharau. Nilikuwa na pua yangu. Nilijua petroli kwa ubaridi wake kiganjani, mafuta ya taa kwa wepesi wake, dizeli kwa inavyong'ang'ania ngozi. Mtu anipikie ya nini?

Mwezi wa nne yakaja mabehewa manane ya mafuta kutoka Dar, yanavuka ziwa kwenda Uganda. Makaratasi yetu, kwa leseni ya Mzee Malimi, yalisema ni yale mepesi ya njano. Forodha wakasema watachukua sampuli kwenye behewa moja kabla ya kupanda meli, kwa sababu siku zile palikuwa na mchezo: mafuta mazuri yanauzwa njiani, behewa linajaziwa mazito ya bei rahisi, na mwisho wa safari hakuna anayejua nani kaiba. Afisa aliyetumwa ndiye Bi Modesta. Alikuwa mwembamba, miwani mikubwa, sketi ya sare na buti za mpira. Alibeba sanduku la mbao lenye chupa tatu za rangi ya kahawia zilizolazwa kwenye unga wa mbao, na alilibeba kama mtu aliyebeba kuku anayeatamia. Hakunisalimia. Alisoma namba za mabehewa moja baada ya nyingine, akagonga la tatu kwa kalamu. "Hili." Ndipo akaja mlinzi mbio: meli ya abiria imefika kabla ya saa yake, watu wanashuka na mizigo, getini hakuna afisa hata mmoja. Bi Modesta akatazama geti, akatazama behewa, akanipa fomu na sanduku.

"Maelekezo yameandikwa hapo. Unasoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne, mama."

"Basi fuata, ziba, saini. Narudi."

Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza. Niliyatazama kama mtu anavyotazama mvua ya mbali. Mlinzi alikuwa bado pale, na mbele yake sikutaka kuonekana natafuta msaada, mimi mwenye kiti. Chupa ni tatu. Na mimi dunia yangu yote ilikuwa ya nakala tatu. Moja ya maabara, moja ya forodha, moja yetu. Sasa uchote wapi? Swali gani hilo kwa mtu wa mapipa! Nikainama kwenye bomba la chini, nikafungua, nikajaza chupa tatu. Yalitoka meusi meusi. Nikasema ni kutu ya bomba. Nikanusa: dizeli. Nikapaka kidole: dizeli. Chupa zilikuwa za kahawia, hakuna rangi inayoonekana ndani yake. Nikaziba, nikasaini kwa mkono wa madaha niliokuwa nimejifunza kwenye sahihi za noti. Bi Modesta alirudi baada ya kama nusu saa, anahema, mikono imejaa vumbi la masanduku ya watu. "Umefuata maelekezo yote?" "Yote, mama." Akasaini juu ya sahihi yangu, kwenye mstari wa shahidi.

Kumbe behewa lile safari iliyopita lilibeba mafuta mazito meusi ya kiwandani, na masalia yake yalikuwa yamelala kwenye bomba la chini yakinisubiri.

Majibu yalichukua wiki tatu. Wiki tatu hizo mabehewa yamekaa kwenye reli, mwenye mali anapiga simu kutoka ng'ambo mpaka sauti inamkauka, na Mzee Malimi kila asubuhi anapita kuyatazama kama mgonjwa wodini. Alikuwa hana wasiwasi, mzee wa watu. Alikuwa na hasira tu, hasira ya kawaida ya mtu anayecheleweshwa, ambayo mimi leo naijua kuliko jina langu. "Wanapika nini huko wiki tatu? Makongoro?" Kisha siku moja nilitumwa forodha na barua, nikakaa kwenye benchi la korido kusubiri. Ukuta wa ofisi ya mkuu ulikuwa wa hadibodi, ukikohoa ndani, nje wanakwambia pole. Nikasikia sauti ya Bi Modesta, kavu kama kawaida: "Mazito, meusi, ya injini za polepole. Si yaliyoandikwa." Mkuu akauliza kama haiwezekani ni uchafu wa chini tu. Naye akajibu: "Ningekubali kama ingekuwa chupa ya chini peke yake, mkuu. Ndiyo maana tunachota juu, kati na chini. Zote tatu ni sawasawa. Behewa zima ni jeusi." Mkuu akapiga ulimi. "Basi Malimi kauza mafuta ya watu njiani. Mwite Jumatatu aje na leseni yake."

Juu, kati na chini. Nilikaa kwenye benchi lile nikazikumbuka chupa zangu: chini, chini na chini. Barua niliyotumwa sikuipeleka. Nilitoka, nikatembea mpaka ziwani, nikasimama kwenye mawe kati ya wanawake wanaofua, nikamwona kila mmoja kama ananicheka. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nakiri, na Deo asome vizuri hapa, kwamba sikwenda kwa Mzee Malimi Ijumaa, wala Jumamosi. Jumapili alinialika kula kwake Mkolani, maana barua ya wito ilikuwa imemfikia, na alitaka watu wa ofisi wawe karibu naye. Mkewe alipika sato wa nazi, kitu cha sikukuu. Mzee Malimi alivunja ugali, akaukandakanda, akaurudisha kwenye sahani. "Mimi sijaiba hata tone," akasema, si kwa mtu yeyote. "Miaka yote hii. Wakinivua leseni watu watasema Malimi mwizi, na mimi sitakuwa na la kujibu kwa sababu chupa zimesema." Kisha akanigeukia mimi. "Masanja, wewe ulikuwepo. Ulichota sawasawa?" Mwiba wa samaki ulikuwa mdomoni mwangu. Nikasema, "Sawasawa, mzee." Nimesema uongo mwingi wa biashara maishani, sijitakasi, lakini ule ndio peke yake ninaousikia mpaka leo ladha yake, na ni ladha ya nazi.

Watu huniuliza nini kilinifanya niseme Jumatatu. Wanataka niseme Mungu alinitokea. Hakuna. Ni hasira tu. Tuliingia ofisini kwa mkuu, mimi nimebeba mkoba wa Mzee Malimi, na mkuu yule, mtu mnene mwenye leso shingoni, hakumpa mzee kiti. Malimi alikuwa na miaka sitini na kitu, amesimama kama mtoto aliyechelewa kuhesabiwa namba shuleni, anatoa leseni kwenye bahasha ya nailoni alimoihifadhi isilowe. Kila anapoivuta, bahasha inapiga kelele. Ile kelele ya nailoni! Nikasikia sauti yangu mwenyewe imeshatoka.

"Zile chupa zote tatu zimetoka bomba la chini."

Mkuu akaniangalia kama kiti kimeongea. "Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyechota."

"Fomu inasema juu, kati na chini. Na sahihi hii si yako?"

"Ni yangu. Sikuisoma. Ni ya Kiingereza."

Mzee Malimi akageuka taratibu. "Masanja. Wewe si una kidato cha nne?"

"Darasa la nne, mzee."

Mkuu alicheka mpaka leso ikadondoka. "Malimi, umemfunda vizuri kijana wako! Mali ikipotea, mtu anakuwa mjinga ghafla." Akaichukua fomu, akaigonga kwa kidole. "Bahati mbaya kuna sahihi ya pili. Afisa wangu alisimama pale akashuhudia. Au sivyo, Bi Modesta?"

Sasa tazama alipokuwa. Akisema ndiyo, mimi ni mwongo wa kupangwa, Malimi ni mwizi, na yeye ni afisa hodari aliyekamata mabehewa manane. Akisema hapana, amesaini kitu ambacho hakukiona, na kwa mtu wa forodha hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Alikuwa amesimama dirishani, jalada kifuani. Sikumpenda, na yeye hakunipenda. Alinitazama kwa ile miwani, si kwa huruma, nataka hilo liandikwe. Alinitazama kwa hasira ya kuniua. Kisha akaja mezani, akavuta kiti ambacho mzee hakupewa, akaketi, akafungua jalada, akatoa kalamu. Akaandika huku anasoma kwa sauti ileile kavu ya hadibodi: kwamba sampuli zilichotwa yeye akiwa getini, kwamba alisaini ushahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia, kwamba kwa sababu hiyo sampuli hazifai, na anaomba zichotwe upya.

"Bi Modesta," mkuu akasema polepole, "hebu fikiri kwanza."

"Nimefikiri nikiwa naandika, mkuu."

Akaweka tarehe. Akasaini. Halafu, ndiyo huyo Bi Modesta, akainuka akagundua amesahau nukta, akarudi akaiweka.

Mchana uleule alipanda mwenyewe ngazi ya behewa, buti na sketi, upepo wa ziwa unampiga, akanikataza hata kumshikia sanduku. Safari hii alileta chupa nyeupe. Ya juu: njano, safi, kama chai ya rangi iliyopungukiwa majani. Ya kati: njano. Ya chini, kutoka bombani: nyeusi kama moyo wangu siku ile. Akazipanga tatu kwenye ukingo wa reli, jua likapita ndani yake, na hakuna aliyehitaji kusubiri maabara ili ajue, ijapokuwa yeye alitufanya tusubiri maabara wiki tatu nyingine, kila behewa chupa tatu. Leseni ikarudi kwenye nailoni yake. Mzee Malimi alikaa kwenye ngazi ya ofisi ya reli kwa muda, kofia magotini, nami nikasimama mbele yake nikisubiri kufukuzwa.

"Nyumba iliyoungua ilikuwa wapi?" akaniuliza.

"Haikuungua nyumba, mzee."

"Na bati zangu?"

"Nilimpa mjomba."

Akatikisa kichwa. "Bati kumi," akasema. "Leseni ungeniua nayo nikavumilia. Lakini bati kumi, Masanja!" Hamisi nyuma yake aligeuka ukutani, mabega yanamcheza kwa kicheko. Hakunifukuza. Alinishusha cheo kutoka kwenye kiti mpaka kwenye ufagio, mwaka mzima, na akamwamuru Hamisi anifundishe kusoma kila mchana baada ya michembe. Mjomba, kwa taarifa, zile bati hakuzirudisha.

Bi Modesta alipewa barua ya onyo, na mwezi wa nane akahamishiwa kituo cha mpakani ambako basi lilipita mara moja kwa wiki. Hakumwambia mtu kwa nini. Watu walisema kaiba, na yeye aliwaacha waseme. Kabla hajaondoka nilikwenda kumuaga. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya shukrani tangu usiku, na kwenye mlango yakaniishia yote. Alikuwa anafunga makaratasi kwa kamba. Akavuta chini ya meza kile kitabu cha namba, toleo la zamani lililokwisha muda, jalada limeng'oka. "Hiki hakitumiki tena. Nakuazima." Nikanyoosha mikono. Akaniwekea karatasi mbele: fomu ya kukabidhiana mali ya serikali. Ya Kiingereza. Nikachukua kalamu nisaini haraka, tuachane kwa heri. Akaweka kiganja chake juu ya mstari.

"Soma kwanza."

"Mama, basi lako…"

"Basi ni langu. Soma."

Nikasoma. Neno kwa neno, kidole kikitembea, jasho likidondoka kwenye karatasi ya serikali. Nilipokwama hakunisaidia, alisubiri. Nje dereva akapiga honi mara tatu. Ilinichukua, kwa makisio yangu, kama dakika ishirini kuelewa kwamba nimepokea kitabu kimoja, kilichochakaa, na nitakirudisha kikihitajiwa. Ndipo akaondoa kiganja. Sikupata kumshukuru, na yeye hakuonekana kungoja shukrani. Akachukua begi lake akaenda zake, anatembea haraka kwa hasira, kama kawaida.

Kiingereza changu chote nimekitoa katika kitabu kile. Najua maneno ya lami, ya mafuta ya nguruwe, ya punda hai, lakini mpaka leo mzungu akiniuliza habari ya asubuhi nakwama. Kitabu ninacho, hakikuwahi kuhitajiwa. Na alipohamishiwa tena Mwanza miaka kadhaa baadaye, mimi nina leseni yangu mwenyewe, nyaraka zangu za kwanza mezani kwake alizirudisha siku hiyohiyo. Nukta.

Leo asubuhi, na haya nayaongeza kwa mkono, Neema ameleta kurasa hizi zimechapwa, amezibana vizuri, akaniwekea kalamu. Deo anasubiri kuzipeleka Misungwi. "Saini hapa chini, babu, ameshafika." Nikavaa miwani, nikaanza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kidole kikitembea. Neema akasimama. Akatazama saa. Akatazama dirishani, gari la Deo linaunguruma. Mwishowe akashindwa.

"Lakini babu, si umeandika mwenyewe?"

"Hata zile chupa," nikamwambia, "nilijaza mwenyewe."